Kutoa kwa mkupuo au kila mwezi, kwa mtu au kwa shirika: kipi kinafaa lini

Mshahara ukishaingia tarehe 25, haifiki tarehe 28 simu haijapokea maombi. Kuna matibabu ya mtoto wa jirani wa zamani. Kuna ujenzi wa madrasa. Kuna picha ya kituo cha watoto yatima yenye namba ya simu chini yake. Na ipo ile orodha ya kundi la WhatsApp ambayo kila anayechangia anainakili, anaongeza jina na kiasi chake, kisha anairudisha kundini, mpaka asiyechangia naye anajulikana. Wengi wetu tunatoa hivyo: anayewahi kuomba, au anayeomba mbele za watu, ndiye anayepata. Pesa zinatoka mwaka mzima, lakini ukiulizwa zimemfaa nani, unabaki kukisia.

Ninaamini mtu wa kipato cha kawaida anaweza kutoa vizuri zaidi bila kuongeza hata shilingi moja, akiamua mambo mawili kabla hajaombwa: kiasi chake, na aina ya hitaji atakalolibeba. Hapo ndipo inafaa kulinganisha mtu na shirika, pesa na vitu, mkupuo na kila mwezi, kwa sababu jibu hubadilika hitaji linapobadilika.

Fungu kwanza

Michango ya harusi, kicheni pati na sendofu itoe kwenye hesabu hii. Ile ni ya kupeana zamu: leo unamchangia mwenzako, kesho naye anakuchangia, na kadi inakuja na kiwango chake. Ni jambo jema na lina bajeti yake, lakini ukiichanganya na sadaka, fungu la mwenye shida linaishia ukumbini.

Tuseme unapokea shilingi 800,000 za Tanzania mkononi. Asilimia 5 ni 40,000. Kati ya hizo, 25,000 zina mwenyewe kila mwezi, yaani hitaji moja ulilolichunguza ukaridhika nalo. Zile 15,000 zinakaa kando zikisubiri dharura. Ikipita miezi minne bila dharura una 60,000, na kiasi hicho kinaweza kumaliza jambo zima badala ya kugusa mambo mengi. Anayetoa fungu la kumi kanisani aamue mapema kama hizi zimo humo au ziko juu yake. Kisha mwombaji mwingine akija katikati ya mwezi, unaweza kumwambia ukweli kwamba fungu la mwezi huu limeshapata mwenyewe, mwezi ujao tuongee. Neno hilo linatoka mdomoni vizuri kuliko "sina" huku umeshika simu ya laki tano.

Kuna na hesabu ya ada. Anayetuma 5,000 mara nane analipa ada ya kutuma mara nane, na wapokeaji wanane wanakatwa wakati wa kutoa. Ukituma mara moja 40,000 na ya kutolea, kinachomfikia mlengwa ni kikubwa zaidi.

Mtu unayemjua, au shirika?

Ukimpa mtu unayemjua, hakuna mshahara wa mhasibu wala kodi ya ofisi katikati. Unajua ajali ilitokea kweli, unajua duka la dawa lilipo, na ukipita baada ya wiki unaona hali. Kwa dharura ya mtu mmoja, hakuna shirika litakaloshindana na wewe kwa kasi. Kasoro yake ni kwamba msaada wako unaishia pale macho yako yanapoishia. Anayeishi Sinza ya Dar es Salaam au South B ya Nairobi, akafanya kazi mjini na kuswali au kusali na watu wa kipato chake, mara nyingi anawajua wahitaji ambao tayari wana ndugu mwenye mshahara. Mjane wa kijijini asiye na ndugu mjini hana namba ya mtu yeyote katika simu yako.

Shirika zuri linaona kile ambacho mtu mmoja hawezi kukiona. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa ikitibu bila malipo wanawake wenye fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mama ashindwe kuzuia haja, na bado wengi hawakuwa wakifika. Kikwazo kikubwa kilikuwa nauli ya basi. Mwaka 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake mikoani: balozi anapokea pesa, anamkatia mgonjwa tiketi, na mgonjwa akifika hospitali balozi naye anapewa kifuta jasho. Jirani mwema wa mgonjwa mmoja angemnunulia dawa za maumivu. Aliyeona wagonjwa wa mikoa mingi ndiye aliyegundua kwamba dawa ipo bure na kinachokosekana ni nauli.

Vyandarua vina somo kama hilo. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya utafiti katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakauchapisha mwaka 2010. Kliniki nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine ziliuza kwa bei ya ruzuku. Bei ilipofika shilingi 40 za Kenya, kiwango cha wajawazito waliochukua chandarua kilishuka kwa pointi 60 za asilimia kikilinganishwa na pale kilipotolewa bure. Wale waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa. Kwa hiyo hoja tunayoisikia kila siku, kwamba mtu hathamini cha bure, pale haikusimama. Shilingi 40 tu zilitosha kumwacha mama mjamzito alale na mbu.

Uamuzi wangu hapa: hitaji la mtu mmoja lenye jina na mwisho unaojulikana, mpe mwenyewe. Hitaji linalojirudia kwa watu usiowafahamu, kama malaria, fistula au upasuaji wa moyo kwa watoto, lipitishe kwenye taasisi.

Lakini taasisi ichunguzwe. Tanzania Bara, shirika lisilo la kiserikali (NGO) lina cheti cha usajili na linawajibika kwa Msajili wa NGOs. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika mwaka 2024, na ina mamlaka yake ya usajili. Cheti pekee hakitoshi. Omba hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Uliza ni watu wangapi wanasaini kutoa pesa benki, na kama ni mwanzilishi na mkewe peke yao, kaa mbali. Gharama za ofisi zisikutishe zenyewe kwa zenyewe. Aliyewapelekea wagonjwa nauli alihitaji mtu wa kukaa na simu na daftari, na mtu huyo anakula.

Kwa maombi ya matibabu yanayozunguka WhatsApp, pasipo kujuana na familia, kuna njia moja safi: lipa hospitali. Hospitali za umma Tanzania hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo inayoanza na 99, unailipa kwa simu au benki. Familia ya kweli haitachukia kuombwa namba hiyo. Ukijibiwa "tuma tu kwenye namba hii, jina litakuja la mtu mwingine", umeshapata jibu.

Vituo vya watoto vina hesabu yao

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sadaka zetu nyingi za hisia zinapokwenda. Kundi la kazini linakodi basi, linabeba mchele, sukari, mafuta, sabuni na pampasi, linapiga picha na watoto, linarudi. Ukiingia stoo ya kituo kinachofahamika mjini siku mbili baada ya Idi, unakuta magunia ya mchele yamepandana hadi dirishani na madumu ya mafuta yamezuia mlango. Nenda stoo hiyo hiyo mwezi wa tatu au wa nne baada ya hapo. Anayelala na watoto usiku hajalipwa, umeme umekatika, na mtoto mwenye pumu anahitaji dawa ambayo hakuna aliyeileta, kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba watoto wengi wanaoishi vituoni wana mzazi mmoja au jamaa aliye hai. Wamefikishwa pale na umaskini. Kenya iliona hivyo ikasimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Kwa mtazamo huo, pesa inayomwezesha bibi kumlea mjukuu nyumbani, chakula, sare na matibabu, inamfaa mtoto kuliko kitanda kingine cha ghorofa kituoni.

Sisemi vituo viachwe. Wapo watoto ambao hawana kwa kwenda, na wanaowalea wanastahili kuungwa mkono kila mwezi. Ila kabla ya kupeleka mzigo, muulize msimamizi: mwaka jana mlirudisha watoto wangapi kwa ndugu zao? Tanzania, makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anayafahamu yaliyo katika eneo lake. Mpitie yeye kwanza. Anaweza kukuonyesha na kaya inayolea yatima watatu bila kibao chochote getini.

Pesa, au vitu?

Hofu ya kumpa mtu pesa taslimu inajulikana: atanywea. Hofu hii imepimwa, na imepimwa kwetu. Kuanzia mwaka 2011 shirika la GiveDirectly lilipeleka pesa kwa M-Pesa kwa kaya maskini za Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, zilizochaguliwa kwa kuwa nyumba zao zilikuwa za nyasi. Hakukuwa na masharti. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walilinganisha kaya zilizopata na zisizopata. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni chakula, mifugo, mabati na utulivu wa moyo.

Utafiti mkubwa zaidi ukafuata Siaya hiyo hiyo: kaya zaidi ya 10,000 zilipokea takriban dola 1,000 kila moja, katika eneo la vijiji 653. Safari hii watafiti walitazama na wasiopokea. Kila dola iliyoingia ilizungusha shughuli za kiuchumi za takriban dola 2.5 katika eneo hilo, na bei za bidhaa zilipanda kwa kiasi kidogo mno. Muuza duka, fundi wa mabati na mwenye bodaboda walifaidika bila kuwa kwenye orodha. Ukinunua mchele Kariakoo ukaupakia kwenda kijijini, faida ile inabaki Kariakoo.

Kwa hiyo mimi naanza na pesa. Vitu vinashinda katika hali chache. Ya kwanza ni pale kitu chenyewe hakipatikani kwa mlengwa, au akipewa pesa hatakinunua ingawa kinamlinda, kama chandarua. Ya pili ni saa za mwanzo za maafa, maduka yakiwa yamefungwa. Ya tatu ni pale mwenye hitaji mwenyewe amekitaja: mashine ya kushonea ya aina fulani, kiti cha magurudumu cha kipimo fulani. Na kuna hali ya nne, ngumu kuisema: nyumba ambayo anayeshika pesa siye anayelisha watoto. Hapo lipa dukani. Mpatie mwenye duka, mama aje achukue unga na mafuta kwa daftari.

Mkupuo, au kila mwezi?

Wale wa Rarieda waligawanywa: wengine walipata pesa zote pamoja, wengine kidogo kidogo kwa miezi 9. Waliopata kwa mkupuo walielekea kwenye vitu vya kudumu, yakiwemo mabati. Waliopata kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Hakuna kundi lililokosea.

Baadaye GiveDirectly ilianzisha jaribio refu zaidi nchini Kenya. Kundi moja la vijiji linapata kila mwezi kwa miaka 12, jingine lilipata kila mwezi kwa miaka 2, na jingine likapata kiasi cha hiyo miaka 2 chote kwa mara moja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba mkupuo na ahadi ya miaka 12 vilisaidia watu kuanzisha biashara kuliko miaka 2 ya kila mwezi. Na watu wa miaka 12 walikuwa na ufundi ambao kila mama wa mtaani anaujua: waliingia kwenye upatu. Kwa kuwa walijua mwezi ujao pesa itakuja, waliweza kuahidiana, na kila mmoja kwa zamu yake akashika kiasi cha kununulia ng'ombe au kufungulia genge.

Kwa mtoaji wa kawaida mafunzo ni haya. Anayehitaji kuanza jambo, mtaji, paa, cherehani, upasuaji, mpe kwa mkupuo, hata kama itakubidi ukusanye miezi sita kwanza. Ukimpa 20,000 kila mwezi zitaliwa, na ni haki yake kuzila. Anayehitaji kuishi, kama mzee asiye na pensheni, mgonjwa wa sukari au bibi mwenye wajukuu, mpe kila mwezi, na muhimu kuliko kiasi ni umwambie mpaka lini. "Nitakutumia 15,000 kila tarehe 1 mpaka Desemba" inamwezesha kukopa unga dukani kwa heshima na hata kuingia kwenye mchezo wa kupeana. Elfu 50 isiyojulikana itakuja lini haimpi nafasi hiyo.

Elimu inahitaji swali la ziada. Tanzania, ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka 2022. Ukiombwa "ada" ya mtoto aliye shule ya serikali, uliza kwa upole inayotakiwa ni nini hasa. Mara nyingi ni sare, godoro la bweni, nauli, daftari au chakula, mahitaji ya kweli kabisa ambayo unaweza kuyanunua moja moja ukijua bei zake.

Ramadhani na Desemba, au miezi mingine?

Zaka ina utaratibu wake na haihitaji maoni yangu. Zakatul-fitri inatolewa kabla ya swala ya Idi, pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani. Zaka ya mali ni asilimia 2.5, ikiwa mali imefikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85, na imezungukiwa na mwaka wa Hijria. Mwaka huo unaanza siku mali yako ilipofikia nisabu, kwa hiyo si lazima uangukie Ramadhani, na wanazuoni wengi wanaruhusu kuitanguliza kabla haijafika siku yake. Anayetarajia kutoa 250,000 Ramadhani anaweza kuanza kutoa sehemu yake miezi ya nyuma, akiweka hesabu, na wanaostahili wakapata chakula kabla ya msimu wa wafadhili wote kuja pamoja. Muulize shekhe wako, maana zipo tofauti za madhehebu. Sadaka ya kawaida haina mipaka hiyo.

Na kalenda ya njaa haifuati sikukuu. Dodoma na Singida, zenye msimu mmoja wa mvua, mavuno huja karibu mwezi wa tano. Kati ya Januari na Machi ghala limekwisha, shamba linadai palizi, na shule zimefunguliwa. Mjini Januari ndiyo ile tunayoifahamu sote. Kilo ya mahindi inayotolewa Februari inamfikia mtu aliyekuwa anaelekea kuuza mbuzi wake wa mwisho au kwenda kulima kibarua shamba la mwingine akaliacha lake. Kama sadaka yako ya mwaka ni moja tu, ihamishie hapo.

Maafa yanapotokea

Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, Hanang, Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 walikufa na nchi nzima ikaguswa. Ukame wa mwaka 2011 uliwafanya Wakenya wachange kupitia Kenyans for Kenya, lengo la shilingi milioni 500 likavukwa. Moyo huo upo, na ni fahari yetu. Changia haraka, pesa, kwa akaunti iliyotangazwa rasmi au Msalaba Mwekundu. Nguo za mitumba ziache, zinahitaji watu wa kuzichambua wakati watu hao wanahitajika kwingine.

Lakini nusu ya mchango wako iweke kando kwa baadaye. Mwezi wa tatu baada ya maafa kamera zimeondoka, mwenye duka aliyepoteza bidhaa bado anadaiwa na mkopeshaji, na mtoto aliyepoteza wazazi ndiyo kwanza anaanza kuuliza maswali. Hapo nusu ile ina kazi kubwa kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza.

Sasa, au baadaye?

Kijana mwenye biashara atasema: niache nikuze mtaji, nitatoa kikubwa. Kwa mahitaji ya uhai sikubaliani naye. Mtoto anayeumwa malaria mwaka huu hasubiri faida ya mwaka 2040. Na tabia ya kutoa isiyoanza na elfu kumi mara chache huanza na milioni.

Kinachofaa kungoja ni kile kitakachodumu, na pwani tuna utamaduni mrefu wa hilo. Nyumba, shamba la minazi au fremu ya duka inawekwa wakfu, mapato yake yanalipia msikiti, wanafunzi au maskini, na mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi. Zanzibar, wakfu zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya kuna Makamishna wa Wakfu. Ukiwa hai unaweza kuweka wakfu, na ukiusia, wasia hauvuki theluthi moja ya mali bila ridhaa ya warithi. Yanayoharibu wakfu nyingi ni mawili: hati haikuandikwa vizuri, au msimamizi hakutajwa atakayefuata akifa. Kwa hiyo andika mipaka ya kiwanja, andika mapato yaende kwa nani, taja msimamizi na atakayemrithi, waite warithi wasikie kwa masikio yao, kisha isajili ukiwa bado unaweza kujibu maswali yao.